Mwenye Jengo ni Nani?

Mtu akijenga nyumba yake mwenyewe hahitaji kuambiwa aende kuitazama. Ataamka alfajiri, hata kabla ya chai, apite kiwanjani kuhesabu mifuko ya saruji, na jioni atarudi kuona ukuta umepanda kozi ngapi. Mchana mkewe atakwenda kwa wakati wake. Watoto wakitoka shule watapitia huko huko. Fundi atanung'unika kwamba anasumbuliwa, lakini kazi itakwenda. Sasa watu mia tatu wakichanga fedha zao kujenga nyumba ambayo si ya mmoja wao, nani ataamka alfajiri?

Swali hili huonekana ni la wahandisi, nami si mhandisi. Maisha yangu ya kazi yalikuwa katika ualimu, na miaka ya mwisho katika chuo cha kuwafundisha walimu. Hata hivyo nadhani ni swali la maadili kwanza, ndipo linakuwa la saruji na nondo, na kwa sababu hiyo najipa ruhusa ya kulizungumzia.

Katika nchi kama Marekani, mashirika yasiyofanya biashara, yaani makanisa, shule na hospitali za hisani, yamezoea kuajiri mtu wa kuyawakilisha katika ujenzi tangu michoro inapoanza mpaka ufunguo unapokabidhiwa. Mtu huyo si mbunifu majengo, maana mbunifu ana mchoro wake wa kuutetea. Si mkandarasi, maana mkandarasi ana faida yake ya kuilinda, tena kwa haki. Yeye hapangi tofali wala hachori mstari. Anakaa upande wa mwenye jengo, anasoma mikataba ambayo mwenye jengo haielewi, anakagua kazi kabla haijafunikwa, na kusema ni malipo gani yaidhinishwe na yapi yasubiri. Waingereza walikuwa na kazi inayokaribiana na hiyo tangu zamani. Geoffrey Chaucer, yule mshairi ambaye walimu wa Kiingereza wa rika langu walimsoma kwa taabu, alikuwa karani wa majengo ya mfalme kuanzia mwaka 1389 hadi 1391, akisimamia mafundi na vifaa. Mwaka 1390 majambazi walimvamia njiani wakampora fedha za mfalme. Tangu hapo, basi, si kazi ya raha.

Hapa kwetu Kihesa neno lenyewe halikuwa na mazoea. Mwaka 2013 tulikuwa kikundi cha watu, wengi wa kanisa moja na wachache wa nje yake, tulioamua kujenga hosteli ya wasichana. Anayeujua mji wa Iringa anajua sababu. Mabinti kutoka Pawaga, Isimani, Idodi na vijiji vya Kilolo huja kusoma shule za kutwa mjini, na wale wasio na ndugu hupanga vyumba ambavyo wenyewe huviita geto. Binti wa miaka 15 anapika kwa mkaa ndani ya chumba anacholala, mlango unafungwa kwa msumari uliopindwa, na mwenye nyumba ndiye mlinzi, ndiye hakimu, na mara nyingine ndiye hatari yenyewe. Kwa hiyo tulichanga. Wapo walioleta laki, wapo walioleta elfu tano, na bibi mmoja muuza ndizi pale sokoni alileta shilingi mia tano kila Jumapili na kudai stakabadhi kila mara. Marafiki wa nchi za nje nao wakatuunga mkono.

Kamati ilikaa mwezi wa Aprili. Wakati huo kila mtu alikuwa bado akizungumza juu ya jengo la ghorofa lililoanguka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi, siku ya Ijumaa Kuu, likaua watu zaidi ya 30. Mhazini wetu, mama aliyewahi kufanya kazi benki, alipendekeza tuajiri mtu mwenye ujuzi wa ujenzi awe mwakilishi wetu, tumlipe kila mwezi mpaka mwisho. Aliposema kiasi, chumba kilinyamaza. Kiasi kile kingetosha kununua bati za bawa zima.

Mwenyekiti, mzee ninayemheshimu hadi leo, ndiye aliyepinga. Hoja zake zilikuwa mbili na zote zina uzito. Kwanza, fedha ya sadaka ni ya mabinti. Kumpa mtu asiyebeba hata tofali ni kuila. Pili, sisi tunajuana. Mkandarasi ni mtoto wa hapa hapa, wanakamati ni wazee wa kanisa, na kumleta mtu wa kututazama ni kusema mbele ya watu wote kwamba hatuaminiani. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe unasoma. Si imeandikwa katika Wafalme kwamba mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu?"

Imeandikwa, katika Wafalme wa Pili, sura ya 12. Nilimwomba ruhusa tuirudie sura yote kuanzia juu. Habari yenyewe inaanza vibaya. Fedha za kutengeneza hekalu zilikuwa mikononi mwa makuhani, na ulipofika mwaka wa 23 wa Mfalme Yoashi, nyufa zilikuwa bado ni nyufa. Sura haiwaiti makuhani wezi. Walikuwa watu wa ibada wenye shughuli nyingine nyingi, na ufa hauna sauti. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, watu wawili walizihesabu, karani wa mfalme na kuhani mkuu, wakazifunga mifukoni. Halafu zikatolewa kwa watu waliowekwa kuisimamia kazi, nao ndio waliowalipa maseremala, waashi na wachonga mawe. Wale ambao hawakudaiwa hesabu ndio hao wasimamizi. Kwa hiyo, nilimwambia mzee wangu, sura hii unayoitumia kumkataa msimamizi inamwajiri msimamizi katikati yake, tena baada ya sanduku, tundu, na wahesabuji wawili. Alicheka. Hakukubali siku hiyo.

Hoja ya kutukanwa ndiyo iliyonikaa zaidi moyoni, kwa kuwa nimewaona watu waaminifu wakiumia. Serikali ilipoanza mpango wa MMEM mwaka 2002, fedha za madarasa zilishushwa hadi kwenye akaunti za shule, na baadaye utaratibu wa kujenga kwa mafundi wa mtaani, huu unaoitwa fosi akaunti, ukawa jambo la kawaida. Una faida zake. Madarasa mengi yasingejengwa bila huo. Lakini mwalimu mkuu, ambaye chuoni tulimfundisha saikolojia ya mtoto na kuandaa somo, akajikuta ni mnunuzi, mtunza stoo, mlipaji na mkaguzi wa zege kwa wakati mmoja. Nimekaa na baadhi yao, watu niliowafundisha. Mmoja aliezeka darasa la shule na, kwa akiba yake ya miaka mingi, akaezeka pia nyumba yake mwaka huo huo. Kijiji kizima kiliamini kuwa bati ni zile zile. Hakuwa na mtu wa kumshuhudia. Tunasema mali bila daftari huisha bila habari, na tunapoisema tunamfikiria mwizi. Mimi namfikiria mwalimu yule. Mwizi hana haja ya daftari. Ni mtu mwaminifu anayebaki uchi pale lisipokuwepo.

Watu wa umri wangu huuliza: mbona zamani tulijenga bila haya? Ni kweli tulijenga. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na zaidi baada ya uamuzi wa Musoma wa mwaka 1974 juu ya elimu ya msingi kwa wote, vijiji vilijenga madarasa kwa msaragambo. Mama alibeba mawe kichwani, baba alichoma matofali, mtoto aliteka maji. Nani angemwakilisha mwenye jengo wakati mwenye jengo alikuwa pale pale, na mikono yake ina tope? Akiona fundi anajenga upande, anamwambia. Na huko Tosamaganga, Wabenediktini na baada yao Wakonsolata, waliokuja mwaka 1919, walikuwa na mabruda mafundi walioishi kando ya kuta walizozijenga. Wangekula na kulala chini ya bati zile zile.

Mambo yalibadilika tulipoacha kuchanga mawe tukaanza kuchanga shilingi. Sikusudii kuwalaumu wanaotoa shilingi; mimi ni mmoja wao, na mgongo wangu hauwezi tena jiwe. Lakini shilingi ina tabia ya kumfanya mtoaji aende zake. Akishatoa, amemaliza. Mfadhili aliye nje ya nchi yuko mbali zaidi. Yeye huona picha, na picha ya ukuta mbaya uliopigwa lipu hufanana kabisa na picha ya ukuta mzuri. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi jengo la mchango linaweza kuwa na wenyewe mia tatu na lisiwe na mwenyewe hata mmoja.

Tulimwajiri, kwa kura. Alikuwa fundi sanifu mstaafu wa ujenzi, si mwenyeji wa Kihesa wala ndugu wa yeyote kati yetu, na mhazini ndiye aliyesisitiza sharti hilo. Kulikuwa na pendekezo la kumchukua muumini mmoja mwenye ujuzi aliyejitolea kufanya bure. Nililipinga, na ningelipinga tena. Mtu anayekufanyia bure hushukuriwa, haulizwi. Asipotokea siku ya kumwaga zege utasema nini? Utamwambia pole na majukumu. Vilevile tulikataa kumlipa kwa asilimia ya gharama, kwa sababu iliyo wazi: jengo likizidi kuwa ghali, mfuko wake ungezidi kunona, na hakuna haja ya kumjaribu binadamu kiasi hicho. Alilipwa kiasi kile kile kila mwezi, kazi ipungue au izidi.

Siku yake ya pili kiwanjani alichukua chupa ya maji, akaijaza mchanga nusu, akaongeza maji, akatikisa, akaiweka juu ya tofali. Baada ya muda mchanga ulikaa chini na juu yake pakawa na tabaka nene la udongo. Lori zima likarudishwa. Watu walisema ana roho mbaya. Akawa anahesabu nondo kabla zege halijamwagwa, akiingia mwenyewe kwenye mtaro wa msingi na futi yake mkononi. Alitaka zege limwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba, na Jumapili alikuja kuhakikisha kabla ya ibada. Mbao za kenchi kutoka Mufindi alizikagua moja moja, akatenga zilizopinda na zile ambazo dawa haikuzama. Haya yote ni mambo madogo, na yote hufunikwa. Lipu ikishapigwa na dari ikishawekwa, hakuna mwanakamati duniani atakayeyaona tena mpaka siku yatakapojionyesha yenyewe.

Lakini jambo lililonifundisha zaidi halikuwa kati yake na mkandarasi. Lilikuwa kati yake na sisi.

Ilipofika linta, fedha zilikuwa zimepungua. Mwenyekiti, kwa nia njema kabisa, alipendekeza tuufute mlango wa pili uliokuwa mwisho wa bweni katika mchoro, tuzibe kwa tofali, na madirisha yote yachomelewe nondo za kudumu badala ya zile zinazofunguka kwa ndani. Tungeokoa fedha, na tungewazuia wezi na vijana wa mtaani. Mkandarasi hakuwa na neno. Kwake ilikuwa kazi pungufu. Mbunifu alikuwa mbali. Sote tulikuwa tumekubali, hata mimi nilikuwa nimenyamaza nikisubiri kusikia wengine, ndipo yule bwana akasema hapana.

Mwenyekiti alishtuka. "Bwana, wewe si mwakilishi wetu? Sisi ndio tunaojenga."

Akajibu kwa upole, akiwa amesimama, kofia mkononi. "Mzee wangu, shikamoo yako naishika. Lakini humu hamtalala ninyi."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Idodi iko katika mkoa wetu huu huu. Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la sekondari ya Idodi usiku, wakafa wasichana 12. Waliokuwa walimu mwaka 1994 wanakumbuka pia Shauritanga, kule Rombo, ambako moto wa bwenini uliua wasichana zaidi ya 40. Mlango wa pili ulibaki. Nondo zinazofunguka zilibaki. Tulichelewa kupaka rangi kwa miezi minne kwa ajili hiyo.

Tangu siku ile nimekuwa nikilitafakari jibu lake, kwa maana linabadilisha swali nililoanza nalo. Tulidhani mwenye jengo ni kamati, na mwakilishi ni mdomo wetu. Kisheria ndivyo ilivyo: sisi tulitia sahihi, sisi tulimlipa, tungeweza kumfukuza siku ile ile. Lakini kama mwenye jengo ni yule atakayeishi na matokeo yake, basi mwenyewe ni binti ambaye mwaka 2013 alikuwa bado anachunga mbuzi Pawaga, na mwingine ambaye alikuwa hajazaliwa. Hao hawakuwa na kiti katika kamati. Kamati nayo ni mwakilishi tu, na mwakilishi anaweza kusahau anamwakilisha nani, hasa fedha zikipungua na moyo wake ukiwa mwema. Nasema hasa moyo ukiwa mwema kwa sababu mtu mbaya hujitilia shaka mapema, anajua anachokifanya. Sisi tulikuwa tunaokoa fedha za sadaka.

Kwa hiyo mtu anayeweza kuwakataza mafundi tu ni mnyapara. Tuliyemhitaji ni anayeweza kutukataza sisi tunaomlipa, na hapo pana ugumu ambao sijui mkataba gani unaweza kuumaliza. Utampaje mtu mshahara na papo hapo umwombe asikuogope? Yule bwana alikuwa na pensheni yake na miaka yake, labda ndiyo sababu. Kijana mwenye watoto wadogo na kodi ya nyumba angesema hapana? Wengine wangesema. Si haki kulijenga jambo lote juu ya ushujaa wa mtu mmoja, na kwa hiyo niliomba iandikwe katika kumbukumbu za kamati kwamba badiliko lolote la mchoro linalogusa usalama halitapitishwa bila maandishi yake. Ikaandikwa. Nimesikia vikundi vingine viwili mjini vimeiga.

Kuna hatari nyingine nayo, ya kimyakimya. Baada ya kumwajiri, mahudhurio ya wanakamati kiwanjani yalipungua. Mwanzoni tulikwenda kwa zamu; kufikia Oktoba nilikuwa nakuta majina mawili tu katika daftari la wageni. "Si yupo?" ndilo lilikuwa jibu. Bibi wa ndizi peke yake hakubadilika. Alipita na kapu lake kila Jumatano, akasimama getini, akatazama, akaenda zake. Msimamizi aliniambia kwamba yule bibi ndiye bosi anayemwogopa.

Jengo lilikabidhiwa mwaka 2014, na kipindi cha matazamio kilikuwa mwaka mmoja. Mvua zilipoanza mwezi wa Novemba, ilionekana mfereji wa bati upande wa nyuma umelala vibaya. Maji yalimwagika ukutani badala ya kwenda kwenye tangi. Msimamizi aliandika, na ile sehemu ya malipo iliyokuwa imezuiwa kwa ajili ya marekebisho, ambayo nusu yake ilipaswa kutolewa mwezi huo, ikaendelea kuzuiwa. Mkandarasi, kijana wa daraja la saba, alikuja nyumbani kwangu Jumapili jioni. Alinipa shikamoo, akakaa muda mrefu bila kusema.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "Januari watoto wanarudi shule. Mafundi nimewalipa kwa mkopo. Mfereji nitautengeneza, wewe unanijua. Waambie tu wauachie ule mzigo."

Nilimjua kweli. Na baba yake tuliimba kwaya moja. Wala sikuona uongo usoni pake. Nilimwambia atengeneze kwanza, kisha amwone msimamizi, kwa maana nikimwombea yeye kwa sababu ya baba yake, wapo wengine ambao baba zao siwajui. Aliondoka bila kumaliza chai. Mfereji aliutengeneza ndani ya siku nne, na siku ya tano alilipwa.

Mhazini husema alilipwa siku ile ile ya haki yake, na ni kweli. Mimi bado najiuliza kama ulinzi tuliowapa wale mabinti hatukumtoza yeye, maana naye alikuwa mtu asiye na kitu aliyefanya kazi ya wasio na kitu. Ananisalimu vizuri. Ila mkewe na mke wangu, ambao zamani walikwenda sokoni pamoja, sasa wakikutana husema kamwene na kupita.